Mbalamwezi ikiisha, wavuvi wako watarudi?

Kila mwezi, tajiri wa chombo cha uvuvi katika mwambao wa Muhuta hufanyiwa mtihani ambao hakuuomba. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu ya kuwavuta samaki, na vyombo hukaa ufukweni. Nyavu hushonwa, mitumbwi huzibwa matundu, na wavuvi huenda makwao. Siku chache baadaye giza hurudi. Jioni hiyo ya kwanza tajiri husimama ufukweni akihesabu vichwa: nani amerudi, na nani yuko kwenye chombo cha mtu mwingine.

Wafanyabiashara wengi wanaponunua samaki mkavu au mawese kutoka upande huu wa Ziwa Tanganyika hutazama bei ya kilo, gharama ya usafiri na ushuru wa mpakani. Ni wachache wanaotazama mikono inayoizalisha bidhaa hiyo. Lakini chombo kisicho na wavuvi waliozoeana hakileti mzigo kwa wakati, na samaki aliyeanikwa na kibarua asiyejali hufika sokoni akiwa na mchanga.

Makala haya yanaeleza ni nini kinachomfanya mfanyakazi apende kurudi kazini, na ni nini kinachomfukuza, kwa kutumia mifano ya kazi zinazojulikana katika mwambao huu: uvuvi, uanikaji wa samaki na ukamuaji wa mawese.

Muhuta na kazi zake

Muhuta ni tarafa iliyo kusini mwa jiji la Bujumbura, kwenye barabara kuu namba 3 iendayo Rumonge, Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania. Ilikuwa katika mkoa wa Rumonge tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015, hadi mabadiliko ya mwaka 2025 yaliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini biashara imebaki njia ileile: samaki na mawese hupanda kwenda Bujumbura, na bidhaa nyingine huvuka kwenda na kutoka Tanzania na Kongo.

Barabara hiyo imebanwa kati ya milima na ziwa. Mwezi Machi 2015 maporomoko ya udongo huko Gitaza, ndani ya Muhuta, yaliua watu, yakabomoa nyumba na kuikata barabara. Kwa hiyo mfanyakazi wa hapa anajua kwamba mvua kubwa yaweza kumfungia njia ya kwenda kazini, na anajua pia jinsi tajiri wake alivyomtendea siku ile njia ilipofungwa. Mambo ya namna hiyo hayasahauliki upesi.

Kwa nini anaweza kuondoka

Zamani tajiri aliweza kusema, "Akiondoka, atakwenda wapi?" Leo jibu la swali hilo ni refu. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo inagusa pia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ingawa vibali bado vinahitajika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022. Mvuvi hodari wa Muhuta anaweza kufanya kazi Kigoma kwa ndugu zake au ng'ambo upande wa Kongo, maana samaki ni walewale na ujuzi ni uleule.

Kuna na suala la fedha. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38 dhidi ya dola. Mtu anayelipwa kwa faranga husikia bei za upande wa pili na kupiga hesabu kichwani.

Sheria peke yake haimshikilii mfanyakazi. Burundi ilifanya marekebisho ya Kanuni ya Kazi mwezi Novemba 2020. Hata hivyo, kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mijini na faranga 105 sehemu nyingine, kiasi ambacho kwa bei za leo hakinunui chochote cha maana. Aidha, wavuvi na vibarua wengi hawana mkataba wa maandishi. Basi uamuzi wa kuifanya kazi ipendeke umebaki mikononi mwa mwenye kazi.

Mambo ya aina mbili

Mwaka 1959 mtaalamu wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walitoa kitabu kilichotokana na mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh. Waliona kwamba mambo yanayomchukiza mtu kazini si yaleyale yanayomfurahisha. Malipo mabaya, usimamizi mkali na mazingira mabovu humchukiza. Ukiyarekebisha, chuki hupungua, lakini furaha haiji yenyewe. Furaha hutokana na kazi kwenda vizuri, na kuonekana kwamba ni wewe uliyeifanya.

Wataalamu wengine wameubishia utafiti huo, na wahandisi wa Pittsburgh si wavuvi wa Gitaza. Lakini mgawanyo huo unamsaidia tajiri kujua aanzie wapi. Wapo wanaoanza na zawadi: soda siku ya mavuno makubwa, fulana mwisho wa mwaka, mbuzi wa sikukuu. Zawadi si mbaya. Ila mtu anayeamini kwamba amepunjwa huipokea fulana, huivaa, na huondoka nayo.

Kwanza: hesabu ionekane

Katika uvuvi wa ndagala wavuvi wengi hawana mshahara wa mwezi. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za usiku ule, hasa mafuta. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi kwa mapatano yao. Utaratibu huu una haki ndani yake, kwa kuwa kila mmoja hupata na kukosa pamoja na mwenzake. Ubovu huingia pale ambapo mmoja tu ndiye anayejua bei ya kuuzia na kiasi cha gharama.

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi, usio wa chombo chochote halisi. Samaki wameuzwa faranga 600,000. Gharama ni 200,000. Zinabaki 400,000, na mapatano ni nusu kwa nusu. Tajiri anapata 200,000, na wavuvi 4 wanapata 50,000 kila mmoja.

Sasa tuseme tajiri anatangaza gharama ya 280,000. Zinabaki 320,000. Nusu ya wavuvi ni 160,000, yaani 40,000 kila mmoja. Tajiri anachukua 160,000 yake pamoja na zile 80,000 alizoongeza, jumla 240,000. Kwa usiku mmoja amejiongezea 40,000.

Inaonekana ni faida. Lakini akifanya hivyo usiku 5 amepata 200,000, ambayo ni sawa na sehemu yake ya halali ya usiku mmoja tu. Wavuvi wakigundua, na chombo kikakaa ufukweni usiku mmoja kwa kukosa watu, faida yote ya usiku 5 imekwisha. Kikikaa usiku wa pili, ameanza kula hasara. Na wavuvi hugundua, kwa sababu anayeuza mafuta ni jirani yao na anayenunua samaki ni shangazi wa mmoja wao.

Dawa yake ni daftari. Mabeseni yahesabiwe ufukweni mbele ya mvuvi aliyechaguliwa na wenzake. Bei iandikwe papo hapo. Gharama zikatwe kwa risiti, au kwa maandishi ya muuzaji wa mafuta. Mgawo usomwe kwa sauti, kwa sababu si wote wanaosoma. Malipo yatolewe siku hiyohiyo au siku iliyopangwa, iwe kwa mkono au kwa simu. Tajiri asiye na la kuficha hatapoteza kitu kwa kufanya hivyo, na siku samaki wanapokuwa wachache hatalazimika kubishana na mtu.

Ni vizuri pia kukubaliana mapema juu ya usiku unaopotea. Katika miaka ya karibuni Burundi imekumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta. Chombo kikishindwa kutoka kwa kukosa petroli, je, wavuvi waliokuja na kungoja hadi usiku wa manane wanarudi mikono mitupu? Tajiri mmoja anaweza kuamua kuwapa chakula, mwingine nauli. Kiasi si muhimu kama kuwa na neno lililosemwa kabla, badala ya ugomvi wa gizani.

Deni la mbalamwezi

Siku za mbalamwezi hakuna kipato, na mvuvi ana watoto. Wengi hukopa kwa tajiri. Mkopo wa namna hii ni msaada mkubwa, na mara nyingine ndio unaomrudisha mtu kazini kwa moyo wa shukrani.

Lakini mkopo huohuo waweza kugeuka kamba. Deni lisiloandikwa huongezeka bila mtu kujua jinsi lilivyoongezeka. Mvuvi akitaka kuondoka huambiwa alipe kwanza, na kiasi ni kile anachokumbuka mkopeshaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1956 unautaja utumwa wa deni miongoni mwa mambo yanayopaswa kukomeshwa. Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali.

Tajiri mwenye busara huandika deni katika daftari lilelile la mgawo, hukata kidogo kidogo kwa kiwango kinachojulikana, na humwacha mtu aende hata kama deni halijaisha, kwa mapatano ya kulilipa. Anayezuiwa kwa deni atafika ufukweni kila usiku, ni kweli. Lakini hatakushtua taa inapozimika, wala hataingia majini wavu unapokwama.

Pili: mwili wa mfanyakazi

Mwaka 2007 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 188 kuhusu kazi katika uvuvi. Unagusa mapumziko, chakula na maji ya kunywa chomboni, usalama na mapatano ya maandishi. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi. Kwa tajiri wa Muhuta, maneno hayo yanaweza kufasiriwa kwa vitu vichache vinavyoshikika.

Cha kwanza ni jaketi la kuokolea maisha kwa kila aliyemo chomboni, si kwa nahodha tu. Upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani wakati wa kiangazi, kuanzia karibu mwezi Mei hadi Septemba, na majira ya mvua yana dhoruba zake za ghafla. Cha pili ni haki ya nahodha kusema, "Leo hatutoki." Ikiwa nahodha anayekataa kutoka kwa sababu ya upepo hupoteza nafasi yake, basi wavuvi wote wamekwisha kujua maisha yao yana bei gani kwa tajiri huyo.

Cha tatu ni choo na maji safi ufukweni. Kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara katika mwambao huu, na chanzo chake hujulikana. Mwenye vyombo kadhaa akishirikiana na wenzake kuchimba choo, amelinda wafanyakazi wake na amelinda samaki anaowauza. Mnunuzi kutoka nje akiona mwalo mchafu hatauliza bei.

Kwenye mashine za kukamulia mawese huko Rumonge mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Rumonge ni eneo linalofahamika nchini kwa michikichi, na mafuta yake hutumika jikoni na katika kutengeneza sabuni. Kibarua wa hapo hukaa karibu na moto na mafuta yanayochemka. Kivuli, maji ya kunywa, viatu vinavyofunika mguu, na njia isiyoteleza kati ya pipa na mashine si anasa. Mtu aliyeungua mguu hafanyi kazi wiki nzima, na wenzake waliomwona akiungua hufanya kazi kwa woga.

Chanja zilizobadilisha ufukwe

Mfano mzuri kuliko yote katika mwambao huu umetoka kwa wanawake waanikaji. Kwa miaka mingi ndagala walianikwa mchangani. Mwanamke aliinama siku nzima kuwageuza, akifukuza kuku na mbuzi, akiwaombea watoto wasipite juu yake. Mvua ikinyesha, kazi yote iliharibika. Jioni mgongo ulikuwa umekufa ganzi, na samaki alikuwa na mchanga, kwa hiyo bei yake ilikuwa ndogo.

Kuanzia mwaka 2004 mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ulifundisha matumizi ya chanja: meza ndefu za miti zilizotandikwa wavu, zilizoinuliwa kama mita 1 kutoka chini. Mvugo, katika eneo la Nyanza-Lac upande wa kusini, ni miongoni mwa mahali palipoanzia. Upepo hupita juu na chini ya samaki, hivyo hukauka haraka zaidi na bila mchanga. Mvua ikitishia, hufunikwa. Baada ya hapo wanawake wengine waliiga.

Wengi huisimulia habari hiyo kama habari ya ubora wa samaki na bei. Ni kweli, samaki safi hupata bei nzuri. Lakini itazame kwa jicho la mfanyakazi. Anasimama badala ya kuinama. Anazungumza na mwenzake ng'ambo ya chanja. Hafukuzi mbuzi. Na jioni anaona kazi ya mikono yake imependeza, na mnunuzi anaichagua. Kitu kimoja cha miti na wavu kimeondoa yale yanayochukiza na kuleta yale yanayofurahisha. Hakuna aliyeandaa sherehe ya kuwapa moyo wafanyakazi. Walitengenezewa mahali pa kazi, basi.

Kwa anayewalipa waanikaji kwa siku au kwa sehemu ya samaki, funzo ni hili: kabla ya kulalamika kwamba vibarua ni wavivu, inama pale wanapoinama kwa saa moja, kisha uangalie ni nini kinachoweza kuinuliwa.

Funzo kutoka kiwanda cha magari

Wapo watakaosema mambo haya ni gharama, na biashara ndogo haiwezi. Ni vyema kutazama biashara kubwa ilijifunzaje. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford, karibu na Detroit, kilihitaji wafanyakazi wapatao 14,000. Ili kuwapata hao, kililazimika kuajiri watu zaidi ya 52,000 katika mwaka huo mmoja, kwa kuwa walikuwa wakiingia na kutoka. Kila aliyeingia alipaswa kufundishwa upya.

Mwezi Januari 1914 kampuni ilitangaza malipo yanayofika dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya mara mbili ya wastani wa awali. Wafanyakazi wakatulia. Henry Ford hakufanya hivyo kwa huruma tu. Alikuwa amechoka kulipia mlango unaofunguka na kufungwa.

Lakini hadithi ina upande wa pili. Ili kupata dola zote 5, mfanyakazi alikaguliwa hadi nyumbani kwake: anakunywa pombe, anaweka akiba, anaishi vipi. Watu walichukizwa na ukaguzi huo, na baadaye uliachwa. Fedha ilitolewa, heshima ikanyimwa. Tajiri anayelipa vizuri lakini akimtukana mtu mzima mbele ya watoto wake ufukweni ajue kwamba ameshuka njia hiyohiyo.

Tatu: neno la mfanyakazi lisikike

Heshima katika mwambao wetu ina alama zake. Mzee huitwa mzee hata kama ni kibarua. Msiba ukitokea, tajiri hufika, au hutuma mtu, na mchango wake huonekana. Mtoto wa mvuvi akiugua katikati ya giza, kuna namna ya kumwachia mvuvi usiku mmoja bila kumfukuza. Haya hayaandikwi katika Kanuni ya Kazi, lakini ndiyo yanayosimuliwa jioni wavuvi wa vyombo mbalimbali wanapokutana.

Zaidi ya hayo, kuna ujuzi. Mvuvi wa miaka 20 anajua wavu unachakaa upande gani na ni taa ipi inayopoteza betri. Siku za mbalamwezi, wakati nyavu zinashonwa, tajiri akae nao nusu saa na kuuliza maswali mawili: ni nini kilichotuharibia kazi mwezi huu, na turekebishe lipi kwanza? Akilirekebisha hata moja, na akasema wazi ni nani aliyelitaja, atakuwa amefanya lile ambalo Herzberg alilisikia kwa wahandisi wake. Akiuliza kila mwezi bila kurekebisha chochote, afadhali asingeuliza.

Pa kuanzia

Mwenye chombo kimoja, mashine moja ya mawese au chanja tatu hawezi kufanya yote kwa mara moja. Mpangilio ufuatao hauhitaji mtaji mkubwa:

1. Nunua daftari. Andika mauzo, gharama, mgawo na madeni. Soma kwa sauti siku ya malipo.
2. Taja siku ya malipo na uiheshimu, hata kama kilichopo ni kidogo.
3. Weka jaketi za kuokolea maisha kabla ya kununua taa nyingine.
4. Mpe nahodha ruhusa ya kukataa kutoka, na usimwadhibu kwa hilo.
5. Tafuta kitu kimoja kinachoumiza mwili kila siku, ukiinue, ukifunike au ukiondoe.
6. Keti na wafanyakazi wako kila mbalamwezi.

Mnunuzi wa kutoka Kigoma, Uvira au Bujumbura naye ana sehemu yake. Anayetaka mzigo wa uhakika mwaka mzima na aulize si bei tu, bali pia wavuvi wa chombo hiki wana muda gani pamoja. Chombo chenye watu walewale kwa misimu kadhaa mara nyingi ndicho chenye hesabu safi na samaki safi.

Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana, matajiri wa upande huo walikutana na mtihani uleule wa mbalamwezi, ila mrefu mara nyingi zaidi. Ziwa likifunguliwa, swali la kwanza si nyavu wala injini. Ni nani atarudi, na kwa nani. Jibu lake huandaliwa usiku baada ya usiku, katika daftari na ufukweni, muda mrefu kabla giza halijaingia.